Soketi ya Kando ya Dirisha

Kijiwe chetu kiko Mlandizi, kati ya banda la fundi pancha na duka la vifaa vya umeme ambalo hufunguliwa mwenyewe akijisikia. Ni mabenchi mawili yanayotazamana, dele la kahawa la Mfaume, muuzaji wetu, juu ya jiko la mkaa, na sinia la kashata lililofunikwa nailoni. Wanaokaa hapo kila alasiri ni watatu, ukinitoa mimi na Mfaume. Zahoro, wa umri wangu, anaitwa Waziri kwa kuwa hana jambo asilolitolea tamko. Seifu wa Dutumi anaitwa Volti. Aliwahi kufanya kibarua cha kuchimba mashimo ya nguzo za umeme, na tangu hapo anajihesabu mtaalamu. Jabiri, mdogo wao wote, anaitwa Dubai, ingawa friji za mtumba alizokuwa akiuza alizitoa Kariakoo. Mimi wananiita Ramani, kwa kazi yangu ya upimaji ardhi. Kuhusu mke wangu walijua mambo mawili: kwamba anaitwa Hajira, na kwamba yuko Marui, kule Kisarawe. Yote mawili ni kweli. Sikuwa nimewaambia kwamba amezikwa huko.

Haikuwa nia yangu kuwaficha. Siku ya kwanza Waziri aliniuliza familia inahamia lini, nikasema mambo yakikaa sawa. Yaliyobaki waliyamaliza wenyewe: shemeji yuko Marui anafungasha, Ramani katangulia kuandaa nyumba. Nikagundua kuwa pako mahali pamoja duniani, penye mabenchi mawili, ambapo Hajira bado anafungasha. Nikawa naenda kila siku.

Alasiri ninayoisimulia nilikwenda na swali. Hashiru, fundi anayenitengenezea makabati ya jikoni, alitaka kujua kabla ya magharibi ni vifaa gani nitanunua na kila kimoja kitakaa wapi, ili akate mbao. Jikoni hapakuwa na kitu. Vyombo vya Marui vilikuwa vya Hajira, na baada ya arobaini dada yake, Mwanahalima, aliwaita wenzake wakavigawana. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Niliondoka na kitanda, redio na pasi.

Lakini nyumba ya Mlandizi aliipanga yeye. Nilikuwa porini na vipimo vyangu siku alipomtembeza fundi umeme chumba kwa chumba. Soketi ya friji naijua. Ya jiko naijua. Ipo ya tatu, kando ya dirisha, mita moja na robo kutoka sakafuni, peke yake ukutani. Nilimuuliza fundi umeme ni ya nini. Anakumbuka tu kwamba mama alisimama pale, akaweka kidole ukutani, akasema, "Hapa, si pale." Sasa Hashiru anasema kabati refu litaifunika, na anataka ruhusa yangu.

— Hapo ugumu uko wapi? — alisema Dubai. — Soketi ya peke yake ni ya friji. Chukua la milango miwili, mzee wangu. Ukiingia nyumba mpya na friji la mlango mmoja, watu watadhani umehamia kwa dharura.

— Soketi ya friji ipo, — nikasema. — Iko chini, karibu na mlango.

— Basi hiyo ni ya friji la pili.

— La pili la nini?

— La wageni.

— Wageni wawe na friji lao! — Volti alipiga paja. — Ndiyo maana ulifilisika wewe. Kila aliyekuja kununua friji moja ulimlazimisha achukue mawili.

— Sikufilisika. Nilipumzika.

— Ulipumzishwa.

Mfaume alizungusha vikombe. Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mgeni, dereva wa lori lililokuwa likizibwa pancha. Alituambia anaitwa Melkiori na anapeleka mbao Morogoro, akapokea kahawa yake, akawa anasikiliza.

— Sikia, Ramani, — alisema Volti. — Umeme nauelewa. Mita moja na robo si friji. Hiyo ni ya jiko la presha, yale ya umeme. Unatia maharage, unafunga, unakwenda zako msikitini, ukirudi yameiva.

— Hilo si baya, — nikasema. Na kweli nilianza kulifikiria. Ni kifaa cha mtu ambaye hana wa kumwangalizia sufuria.

— Si baya? Hatari tupu! Usithubutu kulinunua. Kwetu Dutumi jamaa alilifungua halijapoa. Mfuniko ukapaa, ukatoboa bati, ukatua kwa jirani.

— Jirani akafanyaje? — aliuliza Mfaume.

— Si akaurudisha. Kesho yake ukaenda tena.

— Na maharage?

— Maharage yako darini mpaka leo. Mvua ikinyesha wanakinga mchuzi.

— Uongo wako huu, Volti, utakuja kuunguza fyuzi, — alisema Waziri, kisha akainua mkono kama anayetuliza mkutano. — Tulieni. Natoa tamko. Ninyi wote mnazungumzia chakula. Mwanamke hakuiweka ile soketi kwa ajili ya chakula. Ile ni ya TV.

— TV jikoni?

— Tamthilia zinaanza wakati gani? Wakati wa kupika chakula cha usiku. Mke wangu mimi anaonja mchuzi akiwa sebuleni. Mwiko unadondosha kutoka jikoni mpaka kwenye kapeti, ukitaka kujua alipo unafuata matone. Shemeji kaliona hilo mapema. TV kando ya dirisha, hata jirani akisimama nje naye anaangalia.

— Upande huo hakuna jirani, — nikasema. — Dirisha linatazama njia tu.

— Basi wapita njia! Baada ya muda unaweka mabenchi, unauza juisi. Ramani, shemeji hakujenga jiko, kajenga kibanda umiza.

Walicheka. Dubai, aliyekuwa amenuna tangu aambiwe alipumzishwa, akarudi uwanjani.

— Hamumjui mwanamke wa Marui ninyi. Hiyo ni ya mashine ya kutotoleshea vifaranga. Inakaa dirishani ipate hewa. Mzee atalala salama, ataamka ana vifaranga mpaka kwenye sinki.

— Yeye kuku hawapendi, — nikasema. — Akiwaona karibu na sufuria anawarushia ndala.

Nililisema hilo kama mtu aliyeliona asubuhi ileile. Lilitoka bila shida yoyote.

— Anapata? — aliuliza Volti.

— Nini?

— Shabaha. Akirusha, anapata?

— Hapati kamwe.

— Ndala inaishia wapi?

— Kwangu.

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa, na kwa kitambo kifupi nilikuwa mwanakijiwe kamili, mume anayemlalamikia mkewe kama waume wengine. Volti akaona amefunguliwa njia.

— Sasa nimeelewa! Wote mmekosa, hata mimi na presha yangu. Urefu ule, kando ya dirisha, unaona chumba kizima. Hiyo soketi ni ya kamera.

— Kamera ya nini jikoni, Volti?

— Ya huyu! Shemeji anamjua mumewe. Ukifunua sufuria, anakuona. Ukiongeza sukari ya tatu, anakuona. Wewe unadhani uko peke yako huku Mlandizi, unajipimia tu. Mwenzio yuko kule Marui, kimya, hasemi neno, lakini anakuona.

— Ndiyo maana haji! — Waziri alidakia. — Anasubiri kamera ifungwe kwanza, akuchunguze, ndiyo apakie mizigo.

Dubai alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nilicheka. Kisha nikainamia kahawa yangu, nikaitazama mpaka wakamaliza.

Walipotulia, yule dereva wa lori alikohoa kidogo.

— Samahani, wazee wangu. Mama mwenyewe anasemaje?

— Mama yupi? — aliuliza Waziri.

— Huyo aliyeiweka soketi. Si angeulizwa tu?

Waziri alimtazama Volti. Volti alimtazama Dubai. Nadhani walishangaa kwa dhati kwamba wazo hilo halikuwajia.

— Jamaa kaongea, — alisema Dubai. — Mzee, mpigie sasa hivi. Weka spika, tujue nani kashinda. Akisema friji, Volti ananilipia kahawa wiki nzima.

— Akisema kamera je?

— Mpigie, mzee.

Nilikuwa nimeishika simu tayari, kwa kuwa Hashiru aliahidi kupiga. Jina la Hajira bado limo. Simu yake anayo Mwanahalima. Nikipiga, yeye ndiye atakayepokea. Wote walikuwa wameinama mbele kusikiliza. Ningeweza kusema hapatikani. Ningeweza kusema chaji imekwisha. Lingepita, na kesho angekuwa bado anafungasha.

— Hajira alifariki, — nikasema. — Kabla sijahamia huku. Amezikwa Marui.

Kwenye banda la pancha pampu ya upepo iliwaka, ikanguruma, ikazimwa.

— Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, — alisema Mfaume.

Melkiori alisimama na kikombe chake mkononi, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenyewe bila kujua.

— Nisamehe, mzee. Pole sana. Sikujua.

— Hukukosea kitu. Swali lilikuwa sahihi.

Volti alikuwa ameivua kofia yake na anaikunja.

— Na mimi hapa nimemwekea kamera, — alisema kwa sauti ndogo.

— Ulinichekesha, Volti. Nilicheka kweli.

— Lakini Ramani, — alisema Waziri, na hakuwa na sauti ya matamko. — Tunakunywa kahawa na wewe kila siku ya Mungu. Tunakuuliza shemeji hajambo, unasema hajambo. Sisi tumekukosea nini hata usituambie, tukuhani?

Nimezoea kujibu kwa vipimo. Nilitafuta jibu ambalo lisingemuumiza na lisingekuwa la uongo.

— Hapa alikuwa bado anakuja, — nikasema.

Waziri aliukamata mkono wangu, akaushika tu, akitazama barabarani. Simu ikaita. Alikuwa Hashiru, na sauti yake ni kubwa, hata bila spika walimsikia wote.

— Mzee, huku jua linazama. Nifunike au nisifunike?

Niliwatazama. Wanaume waliokuwa na friji mbili, jiko la presha, TV, vifaranga na kamera, wote walikuwa wametazama chini.

— Usifunike, — nikamwambia. — Sogeza kabati.

— Likisogea litapungua upana.

— Lipungue.

— Sawa. Utachomeka nini pale?

— Sijui.

— Haya, mzee. Mwenye nyumba ni wewe.

Nilipoweka simu mfukoni, Waziri alisema:

— Kesho baada ya sala ya alasiri tunakuja kwako. Sote. Kijiwe kitafungwa.

— Karibuni sana, — nikajibu, kisha nikaliona jiko langu lilivyo. — Ila nyumbani hakuna hata birika.

Hakuna aliyeniambia birika gani. Hakuna aliyesema la chuma, la plastiki, la Kariakoo, wala linaloripuka. Dubai alisimama, akaonyesha kwa kidevu duka la jirani.

— Leo kafungua, — alisema.

Melkiori alikuwa ameitwa na fundi pancha. Alipopita alinipa mkono, mikono yote miwili, akaenda kwenye lori lake. Mimi na Dubai tukaingia dukani. Nilichagua birika la umeme la kawaida, na vikombe. Dubai alilishika, akalichungulia ndani, akafungua na kufunga mfuniko, akasema linafaa. Hakuniambia ninunue mawili.

Kesho yake nilirudi kutoka msikitini kabla yao, nikajaza maji. Soketi ya friji ilikuwa imezuiwa na mbao za Hashiru, na ya jiko iko chini mno. Waya wa birika ni mfupi. Nikachomeka kando ya dirisha. Waya ukatosha.

Nikasimama kusubiri maji. Sikuwahi kusimama pale, maana hapakuwa na shughuli ya kunisimamisha. Kutoka hapo njia yote inaonekana, tangu inapoachana na barabara kuu mpaka mlangoni kwangu. Waliingia njiani kwa mbali, wakionekana wadogo: Waziri mbele kwa kanzu, Mfaume na kifurushi cha kashata, Volti bila kofia, Dubai nyuma akiruka madimbwi. Kwa mazoea ya kazi nilisogea kidogo kushoto, kujaribu. Nguzo ya kibaraza ikaziba njia, nisimwone hata mmoja.

Sijui kama ndicho Hajira alichokitaka. Nilirudi nilipokuwa, birika likianza kuimba, nikawaangalia wakija.