Mama wa Kitabuni

Nisikilizeni taratibu, wanangu, kwa maana pumzi yangu ni fupi na sitaweza kurudia. Mathew, Janeffer, shamba la chai mligawana nikiwa bado na nguvu, na ng'ombe wa mama yenu mnawajua. Kilichobaki ni lile sanduku la vitabu chini ya kitanda, na ndilo linaloninyima amani, kwa sababu wewe Mathew umesema ukishanizika utalichoma.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini hizi hadithi fupi zinazoandikwa siku hizi nimezipenda kweli. Nilikuwa nawasomea watu pale kituo cha majani chai Kimulot tukingoja lori, mama yenu Tecla akiwa mbele kabisa, amekaa juu ya kikapu chake. Siku moja nikasoma ile ya mama anayemtafuta mwanawe mpaka mochari, akashika kitasa cha mlango, na hadithi ikaishia hapo.

"Baba Mathew, fungua ukurasa mwingine," Tecla akasema.

"Hakuna mwingine."

"Ni mtoto wake ama si wake?"

"Mwandishi hakusema."

"Basi huyo hajazaa!"

Watu walicheka sana, lakini yeye hakucheka. Alhamisi akampeleka yule mama kwenye maombi ya akina mama, wakamlilia Mungu kwa ajili yake, na Mchungaji alipouliza anakaa wapi ili apelekewe unga, Tecla akajibu bila aibu, "Yuko kitabuni, Mchungaji." Wewe Mathew, mzee wa kanisa, ulichekwa mpaka Sigor, na tangu hapo unasema vitabu hivi ni uongo uliomfanya mama yako asali bure.

Sasa sikia. Asubuhi ile nilipoitwa hospitali, nilifika wodini kwa mama yenu nikashika kitasa, na nesi hakutaka kunitazama. Nikasimama tu. Nilikuwa nimemlaumu yule mwandishi kwamba ni mchoyo wa maneno, kumbe hapo hakuna neno la kuongeza. Tecla hakusali bure, mwanangu. Aliyekuwa mlangoni nilikuwa mimi.

Kwa hiyo vitabu ni vya Janeffer, na awasomee watu kituoni, hata wakimcheka. Nizikeni karibu na mama yenu, na msigombane mbele ya wageni. Najua, Mathew, nikifumba macho utafanya unavyotaka. Hata sasa siwezi kuinuka kukuzuia. Ukivichoma, sitakulaani. Nimekuomba tu... nipeni maji kidogo.

Janeffer, lete kichwa. Bwana akutunze, wewe na watoto wako, mikono yako isikose kazi wala nyumba yako isikose moto.

Mathew... mbona umesimama mbali hivyo? Sogea, baba. Mkono wangu haufiki huko.