Maji ya Kumwogesha Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Neno hili lilinikwama kooni kwa miaka. Leo nalisema nikiwa bado na huzuni.

Mimi ni mzaliwa wa Ilomba, Mbeya. Chuo kikuu kilinipa maswali, nikaacha kusali. Nilipopata kazi Iringa nikapanga Ipogolo, na mama alipopigwa na kiharusi nikamchukua. Sina dada, wala mke sina.

Ndugu zangu, kwetu Wanyakyusa mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Nikasema hayo ni mambo ya kale, mwili ni mwili. Nikachemsha maji, nikaweka beseni kando ya kitanda. Nilipogusa tu kanga yake, mama aliing'ang'ania kwa ule mkono mzima, akalia! Nikamwaga maji nje. Siku zikapita, mama ananuka, na kila nikiingia anageukia ukutani kwa aibu.

Ndipo jumuiya ya kanisa pale mtaani ikabisha hodi, wanawake wa Kihehe na Kibena wasiomjua mama. Nikawazuia mlangoni.

"Msimwombee apone. Mtampa matumaini ya uongo."

Kiongozi wao, Mama Upendo, akanitazama. "Haya, msomi. Maji ya kumwogesha yako wapi?"

Nikaendelea kushikilia mlango.

"Mbona umeganda? Bandika maji, baba, halafu utupishe."

Nikakaa nje. Nikawasikia wakiimba, na mama akiguna kufuata wimbo. Waliponiita alikuwa amepakwa mafuta, na uso ameuelekeza kwangu. "Ndaga," akasema. Ndiyo asante ya kwetu.

Wakaja kwa zamu mpaka mwisho. Mama hakupona, ndugu zangu. Walimwosha hata alipofariki, kisha wakapanda gari lililobeba jeneza mpaka Ilomba. Shangazi yangu akashangaa: "Ninyi ni wa ukoo gani?"

"Sisi ndio tuliokuwa tunamwogesha," akasema Mama Upendo. "Tumekuja kumfikisha."

Kwa nini hakupona? Sijui, na bado namuuliza Mungu, wakati mwingine kwa hasira. Lakini sasa namuuliza Yeye! Ameniokoa na ule mlango niliokuwa nimeufunga, mama akiwa ndani. Namshukuru.

Nawe uliyejifungia na mgonjwa wako, wakibisha hodi wafungulie. Kama imani huna, bandika maji.