Vibanio vya Daraja la Cyprian

Kijiwe cha Mama Apolonia, pale Somanda, kina benchi moja refu, meza yenye mguu uliolegea, na birika la kahawa ya tangawizi ambalo likipoa hata maneno yanapoa. Asubuhi ile hakuna aliyegusa mpira wala bei ya pamba. Juu ya meza palikuwa na daraja la mbao, mfano mdogo wa daraja kubwa ambalo bado halijajengwa, na tao lake lilikuwa limeachana katikati. Cyprian, seremala aliyelitengeneza, alikuwa amelipakata kwenye bodaboda kutoka nyumbani. Njiani dereva akaruka tuta moja, pa! Saa nne wageni wa mradi wangekaa na wanakijiji kuamua kama kivuko cha mtoni kipewe daraja. Masika yaliyopita mto ule ulimchukua mdogo wake, Constantine, akirudi kutoka mnadani. Tangu hapo Cyprian hakupata usingizi wa maana mpaka siku alipoanza kuchonga tao hilo.

Gundi alishapaka. Kilichokosekana ni kitu cha kubana mbao zisiachane mpaka gundi ishike. Kwa wakati huo alizishika kwa vidole.

— Lete jiliwa la chuma! alisema Salvatory, ambaye wote wanamwita Injinia kwa kuwa msimu mmoja aliwashikia wapima barabara futi kamba. — Mkono mtupu haulambwi.

— Sasa hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Mama Apolonia.

— Jiliwa ndiyo mkono wenyewe, mayu. Tulia.

Akaenda mbio gereji ya jirani, akarudi na jiliwa linanuka grisi. Cyprian akakaza kidogo. Akakaza tena. Mbao ikalia: kwa!

Akalegeza upesi, akainama kutazama. Meno ya chuma yalikuwa yameacha kovu, ila mbao haikukatika.

— Basi, Injinia. Hili ni la kubania vyuma. Litaniua.

— Umeogopa mapema! Kule kwetu Malampaka, tao kama hilo unalilaza relini, treni inapita juu yake mara moja tu. Haliachani tena milele.

— Haliachani kwa sababu halipo, alisema Fredrick.

Fredrick anauza dawa za mifugo, kwa hiyo kijiwe kimempa udaktari bila chuo. Alinywa funda, akaweka kikombe chini.

— Nisikilizeni. Mnajua koleo langu la kuhasia ng'ombe?

— Dokta, watu tunakunywa kahawa! alilalamika Injinia.

— Linabana mshipa wa ndani, ngozi ya juu haipasuki. Kwa nini? Mdomo wake ni mpana na butu, hauna meno. Nikalilete?

— Daraja likihasiwa litazaa vijidaraja kweli? aliuliza Injinia.

Benchi zima likacheka. Cyprian hakucheka. Alikuwa ameshika neno moja tu: mdomo mpana, hauna meno.

— Mama Apolonia, una vibanio vya nguo?

— Vile vya mbao vipo kwenye kamba. Ila ni vifupi, ng'wanawane, havitafika hapo ndani.

— Vitafika. Dokta, njoo ushike hapa. Usipumue.

Fredrick akalishika tao, akaacha kupumua kweli. Cyprian akachomoa vijiti vya kibanio kwenye springi, akavigeuza vikakaa mgongo kwa mgongo, akairudisha springi mahali pake. Sasa mdomo ulikuwa mrefu. Akauchonga kwa kisu uwe bapa, uweze kupenya chini ya tao.

— Bandu bandu, huisha gogo, alionya Injinia. — Utakimaliza hicho.

Cha kwanza kilivunjika kweli. Cyprian akafumba macho kidogo, akaanza kingine. Safari hii akaacha unene pale springi inapokaa, akakata vipande vya tyubu ya baiskeli, akavibandika mdomoni ili mbao isipate kovu jingine. Akabana. Akaongeza cha pili upande wa pili, kisha vingine, mpaka tao likaonekana kama limetuliwa na ndege.

— Naweza kupumua? aliuliza Fredrick.

— Pumua, lakini geukia kule.

Ikabaki kungoja. Huko ndiko kubaya. Injinia alishauri wapepee. Dokta akashauri wapige sindano ya gundi ndani ya ufa. Cyprian alitazama saa ya simu, akatazama tao, akatazama saa. Kila pikipiki iliyopita iliitikisa meza, naye akaukumbatia ule mguu uliolegea kwa magoti yake.

Muda ulipokaribia, akaanza kutoa vibanio kimoja kimoja. Kilipotoka cha mwisho, tao halikusogea. Akaweka juu yake kikombe kilichojaa kahawa. Tao likakibeba.

— Nilisema mimi! Injinia na Dokta wakapayuka kwa pamoja.

Wakati huo akafika Benedikta, muuza viazi vitamu kutoka ng'ambo ya mto, khanga imeloa hadi magotini.

— Mwangaluka, aliwaamkia.

— Mwangaluka, mayu, aliitikia Injinia. — Njoo uone daraja lenu!

Benedikta akatua ungo. Akalizunguka daraja taratibu, akaligusa kwa kidole kimoja.

— Zuri. Litajengwa lini?

— Wageni wa mradi wakikubali leo, labda mwakani, alisema Cyprian.

Mama yule akageuza uso kulikokuwa na wingu zito.

— Na leo jioni, tunavukia wapi?

Cyprian alilipakata daraja kifuani.

— Usiliache swali hilo hapa, dada, alisema. — Twende wote. Wakishamaliza kulitazama hili, uwaulize hivyohivyo ulivyotuuliza sisi.

Benedikta akajitwisha ungo wake, wakaondoka kwa miguu kwenda mkutanoni.