Ngazi Haziguswi, Mimi Nabebwa

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Na ninyi mnaolikodolea macho birika la chai pale nyuma, nawaona. Vumilieni, mimi nikikasirika huwa nasema haraka, na habari hii bado inanikasirisha.

Mwenyekiti wa kikundi ameniomba nitoe ushuhuda wa kuwatia moyo wenzetu walioumia karibuni. Nikamwuliza, lazima nitabasamu? Akasema si lazima. Basi haya.

Wengi mnaniita Mama Fundi. Kabla sijaumia nilikuwa nafundisha wasichana cherehani humuhumu, chumba kile cha upande wa barabarani. Jengo hili la Mjerumani nilikuwa naliingia kwa mlango mkubwa wa mbele, napanda zile ngazi za mawe na jora la kitambaa begani, simwazii mtu. Mume wangu alishatangulia mbele za haki, wanangu wako mbali. Darasa lile ndilo lilikuwa linaniamsha asubuhi.

Siku moja natoka Bombambili kwa bodaboda, mvua imenyesha, lori likatubana tukaingia mtaroni. Kijana aliyeniendesha alitoka na michubuko. Mimi nikaumia uti wa mgongo. Nikatoka hospitali na kiti hiki cha magurudumu, nikalia mpaka macho yakachoka. Halafu nikajiambia: mikono ninayo, mdomo ninao, na mdomo wangu mnaujua. Nitarudi kufundisha.

Nikaja. Nikafika chini ya ngazi nikakwama. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha hapo ng'ambo wakaniona. "Mama Fundi, pole! Tupo!" Kabla sijajibu nimeshanyanyuliwa kama gunia la mahindi, mmoja kashika miguu, mwingine kwapa, wa tatu anakimbia na kiti. Ndivyo tulivyo hapa kwetu. Mtu akikuona umekwama hapiti. Ila kukuuliza kwanza kama unataka kushikwa, hilo hatujafundishwa, na ukisema "niache" unaambiwa una kiburi. Nikashukuru. Kila siku nabebwa, kila siku nashukuru, na kila nikiingia wasichana wanasimama wote kunitazama kwa huruma, cherehani zinanyamaza.

Mpaka siku kitenge kilipoingia kwenye gurudumu. Mimi nimeshainuliwa juu, kitenge kimebaki chini. Mbele ya wanafunzi wangu! Kina mama mmenielewa, sitaki kueleza zaidi. Mtu mmoja akacheka. Nikasema, nirudisheni nyumbani. Darasa akapewa mwingine, eti kwa muda.

Ndugu zangu, nawaambia, lori liliniumiza mgongo, lakini siku ile iliniumiza mimi mzima. Nikajifungia ndani kule Msamala, nguo za watu nikakataa kushona, hata jirani akigonga najifanya nimelala.

Ndipo nikasikia jengo litakarabatiwa, na sisi wenye ulemavu tutawekewa njia. Nilifurahi jamani! Tukaitwa kutoa maoni. Mkutano ukafanyika wapi? Juu, ndani ya ukumbi. Nikafika, nikapaza sauti kutoka chini. Akatoka bwana mmoja, "Mama, tukubebe?" Nikamwambia hapana, shukeni ninyi. Akacheka, akadhani natania, akarudi ndani. Baadaye nasikia imesemwa kwamba wenye ulemavu walialikwa, hawakufika. Hawakufika! Na mimi nilikuwa pale chini jua linanichoma utosi!

Nikawasubiri mpaka wakashuka. Kulikuwa na mzee mmoja anayejua sana mambo ya kale, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ngazi hizi haziguswi. Mawe haya yalibebwa na babu zetu."

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Babu zangu nao walikuwemo. Walibebeshwa, hakuna aliyewauliza. Leo mimi nabebwa, hakuna anayeniuliza. Sasa hapo tumehifadhi nini?"

Akasema nina mdomo. Kweli ninao.

Wakajenga njia ya mteremko kule nyuma, jirani na choo. Fupi, imesimama kama paa la nyumba. Juu wakabandika vigae vinavyong'aa, kwa sababu mgeni rasmi anakuja na vigae vinapendeza kwenye picha. Mlangoni wakaacha kizingiti. Nikamweleza msimamizi. Akanijibu, "Usijali mama, watu wa kukusukuma wapo." Watu wapo! Neno hilo nilishalichukia.

Siku ya uzinduzi wakaniomba mimi niwe wa kwanza kupanda, nikifika juu mgeni rasmi akate utepe. Kikundi cha ngoma ya lizombe kikacheza, pilau ikanukia. Manyunyu yalikuwa yamepita, vigae vimelowa. Vijana wangu wa bodaboda wakajipanga tayari. Nikasema kwa sauti, "Asiniguse mtu."

Nikasukuma magurudumu. Sijafika hata katikati, nikateleza nikarudi chini. Watu wakapiga yowe, wakanikimbilia. "Nimesema asiniguse mtu!" Nikapanda tena, nikateleza tena. Ngoma ikanyamaza. Mgeni rasmi kashika mkasi, hajui atazame wapi. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Huyu naye anatuaibisha. Si akubali tu abebwe tukale?" Machozi yakanitoka, ya hasira. Na sitawadanganya, nilifungua mdomo niseme haya, nibebeni yaishe.

Akasogea mwenyekiti wa kile kijiwe cha bodaboda, yuleyule aliyekuwa akinishika kwapani kila siku. Nikajua ndiye anakuja kuninyanyua. Kumbe akatanua mikono kuwazuia wenzake. "Mwacheni mama. Kasema aachwe." Kisha akamgeukia mgeni rasmi. "Shikamoo mheshimiwa. Sisi ndio tumekuwa tukimbeba. Tulidhani tunamsaidia mama, kumbe tulikuwa tunalisaidia jengo. Leo hatumbebi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni rasmi akaurudisha mkasi kwenye sinia. Utepe haukukatwa. Pilau tulikula, lakini kwa kununiana.

Msidhani nilisifiwa. Sokoni nilisemwa, nimeiaibisha Songea. Kuna mtu aliniombea hadharani nipewe roho ya shukrani! Lakini vigae vikabanduliwa. Wakajenga njia ndefu, ya saruji ya kukwaruza, inazunguka taratibu ubavuni mpaka baraza ya mbele, na kizingiti kikaondolewa. Ngazi za mawe ziko palepale, hazikuguswa hata jiwe moja. Iliwezekana tangu mwanzo! Na yule mzee wetu wa mambo ya kale, magoti yanamsumbua siku hizi, kila akija namwona anapita njia yangu. Namwamkia kwa sauti kubwa.

Sijamaliza kununa. Mlango wa choo bado kiti hakipiti, na ofisini wameshachoka kuniona.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani, na jirani yangu aliyeendelea kugonga hata nilipojifanya nimelala. Nawashukuru vijana wa bodaboda kwa kunibeba, na nawashukuru zaidi kwa kuacha. Ninyi mlioumia juzi, msaada pokeeni, lakini mseme wenyewe mshikwe wapi. Na ninyi mnaotutunza, ulizeni kwanza, halafu subirini jibu.

Siku niliyorudishiwa darasa, nilipanda ile njia peke yangu, polepole, jasho linanitoka. Nikasukuma mlango. Cherehani zilikuwa zinanguruma, na hazikunyamaza. Hakuna aliyesimama. Msichana mmoja, macho yakiwa kwenye sindano yake, akasema tu, "Shikamoo Mama Fundi. Leo umechelewa."

Nikaitikia marahaba, nikaenda mezani kwangu, nikachukua mkasi.