Mzee Pumzi na Saini za Wazazi

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mratibu wa Ufadhili wa Masomo ya Uzamiaji na Sayansi ya Bahari atakabidhi funguo za chumba namba saba na kustaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika chuo hiki. Wanafunzi mia mbili na kumi na wanne wamesoma kwa ufadhili uliopitia mezani kwake. Mimi ni karani wa kumbukumbu. Nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa, meza zetu zikitazamana, feni moja ikituhudumia wote wawili, na ndiyo maana kamati ya sherehe ikanitwisha kazi ya kuandika wasifu huu.

Nilipomweleza, hakuchangamka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaniuliza, "Habari za binti wa fundi cherehani utaziandika?"

Nikamwambia hii ni sherehe, mzee wangu, watu watakuja na watoto wao.

"Basi usiandike kitu," akasema. "Ukimwacha yule nje, huyo utakayemwandika si mimi."

Nimemtii. Waliotarajia kucheka kuanzia mwanzo hadi mwisho wanisamehe.

Aliingia hapa akiwa mwalimu wa uzamiaji, kijana wa miaka ishirini na minane. Jina la Mzee Pumzi alipewa na wanafunzi hata kabla hajaota mvi, kwa sababu somo lake la kwanza na la mwisho lilikuwa hilo hilo: "Pumua. Usibane pumzi. Ukibana pumzi huku unapanda juu, mapafu yanapasuka kama puto." Mkewe, ambaye ni muuguzi, anasimulia kwamba hata kwenye harusi ya mdogo wake, bwana harusi alipoanza kutetemeka mbele ya watu, Mzee Pumzi alimsogelea na kumnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi safu ya tano: "Pumua, mdogo wangu, usibane." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na bwana harusi akapata nguvu ya kuitikia.

Mwaka wake wa sita, mwanafunzi mmoja alishikwa na hofu akiwa chini ya maji. Mwalimu akamfuata kwa kasi kubwa kuliko sikio lake lilivyoweza kuvumilia. Mwanafunzi alitoka mzima, lakini kiwambo cha sikio la kushoto la mwalimu kilipasuka na hakikupona sawasawa. Madaktari wakamkataza kuzama tena maisha yake yote. Chuo kikampa meza hii ya ufadhili. Aliniambia siku moja kwamba wiki ya kwanza hakufungua hata dirisha, kwa kuwa lilitazama bwawa la mazoezi na hakutaka kuwaona wenzake wakivaa mitungi ya hewa.

Tuliomzoea tulijua kukaa kuliani kwake. Wakurugenzi wapya walichelewa kujua, naye hakuwa na haraka ya kuwaambia. Yupo mmoja aliyemgombeza nusu saa nzima kwenye sikio bovu, akapokea tabasamu na "ahsante sana mkuu", akaondoka akijisifu kwamba amemnyoosha.

Kwenye usaili hakumuuliza mwombaji kwa nini anaipenda bahari. Alisema hilo kila mtu amelikariri. Aliuliza: "Ukiwa chini, ukatamani kurudi juu, na wenzako wanakutazama, utafanyaje?" Aliyejibu kwamba haogopi kitu alikuwa ameshaanguka, ingawa angepewa mkono na kutakiwa safari njema. Waliokubali kwamba wangerudi, hata kwa aibu, ndio aliowachukua. Leo wapo wanaopima afya ya matumbawe, wapo wanaochomelea vyuma chini ya gati, na yupo mmoja anayeendesha chemba ya kuwatibu wazamiaji waliopanda juu haraka mno. Wengi walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvuka sekondari.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, katika kundi la wanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwamo binti wa fundi cherehani. Baba yake alishafariki. Alilelewa na mama yake, ndiye fundi mwenyewe, katika chumba cha mbele kilichokuwa duka na cha nyuma kilichokuwa nyumba. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa hesabu, na mkaidi. Alipoomba ufadhili, daktari wa kwanza alisikia kitu kifuani mwake akaandika: achunguzwe zaidi. Binti alikuja chumba namba saba akilia. Kanuni ziliruhusu daktari wa pili, na Mzee Pumzi akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa pili. Huyo hakusikia kitu. Binti akapita.

Asubuhi moja walitoka kwenda kuzama wanafunzi sita na mwalimu mmoja. Walipaswa kuwa walimu wawili, lakini wa pili alikuwa mgonjwa, na mkuu wa mafunzo wa wakati huo hakutaka ratiba isogezwe. Maji yalikuwa machafu. Binti alipotezana na mwenzake. Walimpata baada ya dakika arobaini, mtungi wake ukiwa na hewa zaidi ya nusu.

Tume ya uchunguzi ilimlaumu mkuu wa mafunzo, naye akaondolewa. Kuhusu kifua cha marehemu ilisema haiwezi kuthibitisha wala kukanusha. Kuhusu mratibu ilisema alifuata kanuni. Mzee Pumzi aliisoma ripoti ile mbele yangu, akaikunja. "Wamenisafisha," akasema, na sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa uchungu namna ile.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku yenyewe alikataa katakata habari ipelekwe kwa simu. Tulikwenda wote wawili. Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Alituona mlangoni, akamtazama Mzee Pumzi usoni, akaelewa. Akainua mkono kumzuia.

"Usiseme bado," akasema. "Kaa. Nimalize mkono huu."

Tukakaa. Akashona mkono wa shati mpaka mwisho, taratibu, bila kukosea. Akakata uzi kwa meno, akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine. Kisha akafunika cherehani na kusema, "Haya, baba. Sasa sema."

Siku ya arobaini Mzee Pumzi alirudi peke yake kuomba radhi, akamweleza habari ya barua ya daktari wa pili, ambayo mama hakuwa akiijua. Alinisimulia jibu alilopewa: "Sina la kukusamehe wala la kukulaumu. Nina mtoto hayupo." Aliandika barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi akaikataa, akisema ukiondoka wewe atakuja asiyejali.

Akabaki, na akaleta kanuni mpya: hakuna mwanafunzi atakayepewa ufadhili wa kuzama, awe na umri wowote, mpaka mratibu aketi nyumbani kwao, awaeleze wazazi hatari zote, ndipo watie saini. Alikwenda kwa basi, kwa pikipiki, kwa miguu. Hakumung'unya maneno. Aliwasimulia habari za binti yule tangu barua ya daktari hadi dakika arobaini, na sehemu yake mwenyewe hakuipunguza. Wazazi wengi walirudisha fomu tupu. Mwaka mmoja waombaji ishirini walibaki watatu, na mkurugenzi akamwita.

"Mzee, unatufukuzia wanafunzi."

"Ndiyo, mkuu. Nawafukuza wakiwa hai."

Miaka minne iliyopita nilifungua bahasha, nikaona anwani ya duka lile la cherehani. Mdogo wake marehemu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili dada yake alipokufa, sasa alikuwa na kumi na tisa na anaomba kuzama. Mzee Pumzi alijitoa kwenye jopo la usaili. Jopo likampa binti alama za juu kuliko wote. Ila ziara ya wazazi ilikuwa kazi ya mratibu, na hakukuwa na mwingine.

Nilimsindikiza tena. Mama alikuwa amezeeka, cherehani ni ile ile. "Umekuja tena," akasema, bila hasira. Mzee Pumzi akaeleza kila kitu kama anavyowaeleza wazazi wengine. Hakuruka hata lile. Akamsimulia mama kifo cha mwanawe mwenyewe, kwa sababu kanuni ilidai hivyo na kanuni ni yake. Binti alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, kalamu mkononi, ameshaitayarisha.

Mama akauliza swali moja tu. "Wewe ungekuwa baba yake, ungetia saini?"

Angeweza kusema hilo si swali la mratibu. Alivua miwani, akaiweka mapajani. Kisha akasema, "Nisingetia."

Mama akairudisha fomu. Binti akatufuata hadi barabarani. "Wewe ndiye uliyemruhusu dada," akamwambia. "Mimi umenizamisha nchi kavu." Tulipofika kwenye geti la chuo, Mzee Pumzi aliniuliza kama alijibu kwa ukweli au kwa woga. Swali hilo ninalo hadi leo.

Alipigania nafasi mpya za ufadhili kwa wanaosoma bahari bila kuzama: wapima maji, wachunguzi wa samaki, wachora ramani. Zimesomesha kumi na saba, na chuo kinajivunia. Nafasi ya kwanza alimpelekea binti yule. Aliirudisha bila kuifungua. Alikwenda chuo cha mbali kisichodai saini ya mzazi, akasoma kuzama, na sasa ni mzamiaji kamili. Tulimwalika sherehe hii. Amejibu kwa sentensi moja kwamba siku hiyo atakuwa kazini, chini ya maji.

Tulimwalika na mama yake pia. Mzee Pumzi atajua hili atakaposoma hapa. Nilikwenda mwenyewe. Mama aliuliza ni saa ngapi, akauliza kama kutakuwa na hotuba ndefu. Kisha akasema, "Nitakuja. Miaka yote hii kila mtu akija hapa huzungumzia mvua. Ni yeye peke yake anayekaa akamzungumzia mwanangu."

Mzee wetu, ahsante kwa meza uliyoikalia bila kuipenda, na kwa milango uliyobisha ukijua utafukuzwa. Hatukutakii usahau, maana tunajua usingekubali. Tunakutakia nyumba tulivu, mke wako karibu na sikio lako zima, na siku nyingi ambazo hakuna anayesubiri neno lako. Nenda salama, kaka.