Shangazi wa Safu ya Tatu

Katika maduka arobaini na matatu ya jengo letu hakuna anayeandika kunizidi mimi. Ningebaki shuleni baada ya darasa la saba, walimu wangeishiwa vya kunifundisha, ndiyo maana niliondoka kwa kuwaonea huruma. Kwa hiyo kamati ya chama chetu cha wafanyabiashara wadogo haikuhangaika kutafuta mwandishi wa wasifu huu. Walimwomba kwanza mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini, akaumwa ghafla.

Karani wetu, ambaye wote tunamwita Shangazi Lakini, ametumikia chama miaka ishirini na tisa. Anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini na moja Desemba, saa kumi jioni, akishafunga lile kabati la chuma linalofungwa kwa teke. Anaondoka na heshima yake yote isipokuwa doa moja: wapo wanaosema mpaka leo kwamba aliipoteza redio ya fundi saa. Hilo nitalifikia. Karatasi hii itagawiwa kila duka, hata kwa fundi saa mwenyewe, ambaye ameshatangaza kuwa kwenye sherehe haji.

Shangazi alipoanza kazi, wenye maduka walikuwa wakijiandaa kufunga hesabu za mwaka siku ileile ya mwisho, kwa kubahatisha. Kinyozi alimletea risiti za mwaka mzima ndani ya foronya, zimechanganyika na nywele. Shangazi alizitoa risiti moja moja, akazipanga kwa miezi, na kuhusu nywele akaandika: si mali. Tangu hapo kila Oktoba hupita duka kwa duka na ubao wake na penseli iliyofungwa kwa uzi, anaandika kila kilichomo katika safu tatu: Ipo, Haipo, Ipo Lakini.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyompa jina. Humo huingia mizani inayopima kwa kukadiria, friji inayotunza nguo, na mifuko ya saruji iliyokwisha kuwa jiwe. Muuza viatu alikuwa na viatu kumi na saba, vyote vya mguu wa kushoto, na aliapa kwamba vya kulia viko njiani. Shangazi aliviandika miaka sita mfululizo bila kucheka. Mama wa mgahawa aliomba mumewe naye aingizwe safu hiyohiyo. Akajibiwa kwamba bila risiti ya ununuzi haiwezekani. Mume alikuwepo, akaendelea kumenya vitunguu.

Safu ya tatu ina sharti moja tu. Kitu kilichoandikwa humo hakiguswi mpaka mwenye mali aimalizie sentensi kwa kinywa chake. Ipo, lakini nini? Shangazi hupindua ndoo, hukaa, husubiri. Wengine humaliza kwa neno moja, wengine kwa vikombe viwili vya chai. Wasiomaliza, huandikiwa tena mwaka unaofuata.

Mwaka ule paa lilipovuja na kabati likajaa maji wiki mbili kabla ya leseni kwisha muda, alitandaza kamba ya kufulia kwenye ujia mzima, akazianika karatasi zetu kwa vibanio. Siku tatu watu wazima walipita wameinama kama wanaotafuta shilingi. Leseni zote zilihuishwa kwa wakati, na fundi cherehani akadai mgongo wake umenyooka kwa mazoezi yale.

Mimi nilijiunga kama msaidizi wake miaka minne iliyopita, na ofisi ikaanza kupendeza. Shangazi aliniita Spika, si kwa cheo, kwa kelele. Alinifundisha kutenganisha risiti ya duka na risiti ya nyumbani, kuuliza kabla ya kuandika, na kunyamaza mtu anapofikiri. Mawili ya kwanza nilifaulu.

Shangazi, kwa niaba ya maduka yote arobaini na matatu, ahsante. Goti lako lipate kupumzika, ngazi zetu usizikumbuke, na Oktoba ijayo ikukute umekaa kwenye kiti chenye mgongo. Tunakuombea siku njema, nyingi, zisizo na safu.

Kamati iliniambia niishie hapo. Siishii hapo.

Desemba ya mwaka jana Shangazi alilazwa siku nne kwa ajili ya lile goti, nami nikafunga hesabu za maduka kumi na moja peke yangu. Nilijisifu sana, mnakumbuka. Nilipofika kwa fundi saa, mwenyewe alikuwa ametoka kununua betri. Kwenye rafu kulikuwa na redio kaseti iliyokufa, imeandikwa Ipo Lakini miaka tisa. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa anapita na mkokoteni wake. Nikampa. Nikaihamishia safu ya Haipo, nikapiga mstari kwa rula.

Jioni fundi saa alikuja ofisini kwetu, na ndipo akaimalizia ile sentensi. Ndani ya redio kulikuwa na kaseti iliyonasa. Zamani yeye na mkewe walikuwa wakijirekodi siku ya kuhesabu mali wasije wakakosea, mama anasoma namba za saa, yeye anaandika. Mama ameshafariki. Sauti yake haipo kwingine popote.

Shangazi alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile. Hakunitazama. Alimwambia fundi saa, "Orodha ni yangu, mjomba, na kosa ni langu." Kisha siku kumi na moja, na fimbo yake, alizunguka kwenye mayadi ya chuma chakavu akiulizia redio. Mimi nilibaki ofisini, nikasema nalinda simu.

Fundi saa hajamsalimia mpaka leo. Mjomba, Shangazi hakuipoteza redio yako. Niliitoa mimi, nikamwacha abebe yeye mwaka mzima. Haikupatikana, wala haitapatikana. Ilikuwa na kifuniko cha kaseti, cha kubonyeza kwa kidole. Sikukibonyeza.