Mama Mawe na Nzi Sita wa Mto Wetu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa karakana yetu ya nzi bandia anastaafu. Kwenye mkataba wake ana jina refu na la heshima. Sisi, wateja, na hata mhasibu anapoandaa mishahara, tunamwita Mama Mawe.

Kwa wageni watakaokishika kijarida hiki ukumbini: nzi bandia ni ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ili samaki aione kama mdudu na kujiponza. Duka letu linauza nzi hao, na karakana iliyo nyuma ya duka ndiyo inayowafunga. Mama Mawe aliajiriwa kufagia manyoya sakafuni. Hakukaa na ufagio muda mrefu. Fundi wa wakati ule alirudi kutoka chai akamkuta ameketi kwenye kiti chake, ndoano ameibana kwenye jiliwa, anamalizia nzi. Alimwinua kwa hasira, akamtazama yule nzi, akamkalisha tena.

Jina la utani alilipatia mtoni. Kila msimu unapokaribia, Mama Mawe hukunja nguo, huingia majini na kuinua mawe, jiwe moja baada ya jingine, kuona ni wadudu gani wamejibana chini yake. Kisha hulirudisha kila jiwe kama lilivyokuwa. Kwake yeye, kuliacha jiwe limegeuzwa ni sawa na kutoka nyumbani kwa watu bila kufunga mlango. Mdudu aliyemwona huko ndiye anayemfunga. Asiyemwona hamfungi, hata mteja apige magoti.

Kuna kipindi meneja wetu aliingiwa na tamaa ya wingi. Makabati yalijaa nzi wa waridi, wa dhahabu, na wengine waliopambwa kama bibi harusi. Wateja waliwagombea, samaki wakawapita bila hata salamu. Mama Mawe alisema hao ni nzi wa kuvua wavuvi. Malalamiko yalipozidi, meneja, kwa uungwana unaostahili kusifiwa, alimwomba achague wachache wanaofaa mto wetu. Ndipo kikazaliwa kisanduku cha nzi sita, ambacho kila anayeanza kuvua hapa mjini amekinunua. Kuna mmoja mwenye ushanga wa shaba, wa kuzama hadi chini. Kuna wa kijivu anayeelea, kuna chungu mweusi, na kuna panzi wa wakati nyasi zimekauka. Kuna kidagaa cha manyoya, kwa ajili ya wale samaki wakubwa wenye uroho. Wa sita ni Sweta.

Sweta ana hadithi yake. Mama Mawe alitafuta sana sufu ya rangi ya mdudu mmoja wa kahawia aliyejaa chini ya mawe ya mto, asiipate. Jioni moja akiwa mezani alimtazama mumewe, fundi saa, akaiona. Siku chache baadaye fundi saa alikuja dukani, mkono mmoja wa sweta lake ukiishia kwenye kiwiko, akauliza kama tunauza sumu ya panya. Tulimwonyesha panya. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa analileta sweta mwenyewe, kipande kwa kipande, mpaka ikabaki kola. Ametangulia mbele ya haki, na tunamkumbuka kila tunapomfunga nzi huyo, ingawa siku hizi tunanunua sufu.

Waswahili husema mganga hajigangi. Mama Mawe amewafungia nzi wavuvi wa mji mzima, lakini yeye mwenyewe amevua mara chache mno, kwa sababu Jumamosi ya wavuvi ndiyo siku ya pilikapilika dukani.

Mwaka huu macho yake yamechoka. Huvaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na bado uzi unamponyoka. Alitwambia kisanduku cha msimu huu tukichague wenyewe, naye atakikagua kabla ya kuondoka. Ukaguzi wake tunaujua: humtoa asiyestahili, humweka mezani, hasemi neno. Keshia wetu aliwahi kurudishiwa kisanduku kitupu. Safari hii tulikuwa na hofu ya kweli. Tukikosea, nani atatusahihisha mwakani?

Tulikwenda mtoni sote. Tuligeuza mawe, tukayarudisha. Meneja aliteleza akakaa majini na simu yake mfukoni. Tulibishana wiki nzima, lakini jambo moja halikuwa na ubishi: tangu matope yajae kwenye kona za mto, yule mdudu wa kahawia haonekani tena. Hata hivyo Sweta tukamweka. Nani angethubutu kumwacha nje katika wiki ya kumuaga Mama Mawe?

Ijumaa iliyopita tuliweka kisanduku mbele yake. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akamtoa mmoja tu, akamweka mezani. Alikuwa Sweta.

Keshia akaanza kulia. Mama Mawe aliuliza kama kuna aliyemwona mdudu yule chini ya mawe. Tulikiri kwamba hakuna. Akasema kisanduku ni cha samaki, si cha kumbukumbu, na kwamba watano wanatosha. Alikifunga, akampa meneja, akaagiza kianze kuuzwa Jumatatu. Halafu akamchukua Sweta, akamchomeka kwenye kola ya gauni lake, akaomba afungiwe kisanduku kimoja cha kwake. Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu, alisema, ana safari ya mtoni.

Mama Mawe, asante kwa kutufundisha kutazama kabla ya kufunga, na kwa kutokutuonea haya hata siku ya kwaheri. Tunakuombea uzee wenye afya na maji maangavu. Jumamosi duka tutalifungua sisi. Wewe nenda kavue.